Usiku Bonifasi Alipolala Vizuri

Mashine ya kupimia usingizi ilipoingia nyumbani kwa Bonifasi pale Newala, ilipokewa kama mkwe. Brigita, mama yake Bonifasi, alitandika shuka la maua, lile ambalo hutoka sandukuni akija padri tu. Maji ambayo mtaa mzima uliyagombea kwa foleni, jioni hiyo Bonifasi aliyaoga ndoo nzima peke yake. Uraka, ile pombe ya mabibo ambayo msimu wa korosho humtuliza mwanamume baada ya kazi, alikatazwa hata kuunusa.

"Kitu hiki kinakwenda kusema kwa daktari," Brigita alionya, akikitazama kwa mbali. "Mgeni hasemi akiwa ndani, wanangu. Husema akishatoka."

Anjelina, mke wa Bonifasi, alicheka, lakini naye akafagia chumba mara ya pili. Ni yeye aliyeihangaikia mashine hiyo mpaka ikapatikana. Tangu amzae Lois, binti yao anayejifunza kutambaa, usingizi wake ulikuwa mwepesi, na ndipo alipoanza kuyasikia. Mumewe angekoroma mpaka bati litetemeke, halafu ghafla, kimya. Kifua kinapanda, hewa haiingii. Kisha angeshtuka na kuhema kama mtu aliyeopolewa mtoni, akaendelea kulala, na asubuhi asikumbuke lolote ila kichwa kuuma.

Mchana macho yake yalikuwa mazito. Bonifasi aliendesha fuso la tajiri mmoja, akibeba magunia ya korosho kutoka maghala ya Mnyambe kupeleka Masasi. Siku chache kabla ya hapo, fuso hilo liliacha barabara mteremkoni na kusimama katikati ya shamba la mihogo. Utingo aliwaambia watu ni breki. Bonifasi alimnong'oneza mkewe ukweli: alisinzia.

Tangu hapo Anjelina alikuwa na hofu moja tu. Siku moja mume wake hatazinduka, iwe kitandani au kwenye usukani.

Basi usiku ule akamfunga mkanda kifuani, akamwekea mpira mwembamba puani na kibanio kidoleni, kama alivyoelekezwa. Bonifasi alilala kwa adabu, utadhani amekumbatia mayai. Kila alipotaka kulala chali, Anjelina alimgusa bega taratibu, akageukia ubavu, nyaya zisije zikang'oka. Alimgeuza hivyo mpaka kulipokucha, naye hakusinzia, na moyoni alijisikia mke mwema.

*

Zahanati ilikuwa Masasi, chini ya vilima vya mawe. Daktari Shamte aliyasoma yaliyotoka kwenye mashine, akasogeza miwani.

"Pumzi inakatika, lakini kidogo tu. Si hali ya kutisha."

Bonifasi akajipiga paja. "Si nilisema! Huyu Mama Lois ana masikio ya popo."

"Samahani, daktari," Anjelina akasema. "Huyu uliyemsoma siye ninayelala naye."

"Ala! Kumbe unalala na nani?" Bonifasi akauliza, na nesi aliyekuwa dirishani akaangua kicheko. Hata daktari alicheka.

"Hebu nieleze, mama. Alilalaje?"

Anjelina akaeleza: shuka la maua, uraka uliokatazwa, jinsi alivyomgeuza kila alipolala chali. Alivyozidi kueleza ndivyo kicheko kilivyozidi kumtoka daktari usoni.

"Mmenipimia mtu mwingine," alisema mwishowe. "Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mmemkirimu siku moja mkamsindikiza. Na kosa ni langu pia, sikuwafafanulia. Usingizi wa mtu haufanani usiku kwa usiku. Akilala chali ni vingine, akinywa ni vingine, na hata asipobadili chochote bado unaweza kupanda na kushuka. Usiku mmoja ukionyesha ubaya, huo ubaya upo. Ukionyesha uzuri, msiufanyie sherehe bado."

Akampa Anjelina nafasi ya kuichukua tena mashine kwa siku tatu, wagonjwa wengine wakishapimwa. "Alale kama anavyolala siku zote. Na wewe usimguse. Amelala hivyo miaka mingi na mwili wake humwamsha wenyewe. Ila ukiona jambo ambalo hujawahi kuliona kwake, achana na mashine, mwamshe, mkimbize hospitali."

Nje, Bonifasi hakutaka kusikia. "Imeshasema, Mama Lois. Unataka iulizwe mpaka iseme unalotaka wewe? Tajiri ananingoja."

Akapanda fuso akaondoka. Anjelina akarudi Newala kwa basi, macho barabarani njia nzima, akiogopa kuliona fuso limelala mahali.

*

Zamu yao ilipofika, Bonifasi alikataa tena, na Brigita akawa upande wa mwanawe. Brigita na Anjelina walikuwa uani wanabangua korosho, vidole vyeusi kwa masizi.

"Mkoromo ni wa mwanamume aliyefanya kazi," Brigita alisema. "Baba yake alikoroma, majirani wakajua tupo. Na akafa usingizini, kifo cha heri. Hakumsumbua mtu."

Anjelina aliijua habari hiyo, kila mtu katika ukoo aliijua. Lakini siku hiyo ilimwingia kwingine.

"Mama," aliuliza polepole, "usiku huo alikoroma?"

"Kwani kuna usiku hakukoroma?"

"Mpaka alfajiri?"

Brigita aligonga korosho moja, akaokota nyingine, akaishika tu. "Hapana. Alinyamaza." Akaiweka chini ile korosho. "Nikasema moyoni, asante Mungu, leo na mimi nitalala. Nikajifunika. Nikalala, Mama Lois. Nililala vizuri usiku ule."

Hakuna aliyemwona Bonifasi akitokea mlangoni na Lois begani. Alisimama pale, mtu mzima aliyelelewa na habari ya kifo cha heri. Akamtua mtoto chini taratibu.

"Kaileteni hiyo mashine," alisema.

*

Safari hii hapakuwa na shuka la maua. Usiku wa kwanza Bonifasi alijilalia ubavu mwenyewe, akapumua kama mtoto, na Anjelina alitamani kulia, maana mashine ingesema tena ni mzima. Usiku wa pili alitoka kwa Edson, jirani yao, ameshakunywa uraka wake wa kawaida, akaanguka chali.

Brigita asingeweza kuingia chumba cha mwanawe mwenye mke. Alitandika mkeka upande wa pili wa ukuta, Lois amelala pembeni yake, akasikiliza.

Mkoromo ukapanda. Kisha kimya.

Mkono wa Anjelina uliinuka wenyewe. Akaurudisha, akaukalia.

"Mama Lois!" sauti ya Brigita ikapenya ukutani. "Amenyamaza!"

"Nasikia, Mama."

"Mguse!"

"Simgusi. Anarudi, Mama. Subiri."

Kifua kilipanda, kikashuka, hakikuingiza kitu. Anjelina aliuma upindo wa kanga. Ndipo Bonifasi akavuta pumzi kwa kishindo, akahema, akaanza upya. Halafu akanyamaza tena. Ikawa hivyo, akienda na kurudi, na kila alipokwenda mkewe alikwenda naye.

Baada ya muda Brigita aliacha kuita. Alikuwa analia, na Anjelina hakuhitaji kuambiwa anamlilia nani.

"Huyu anarudi," Brigita alisema upande ule. "Yule sikumsubiri."

Asubuhi Bonifasi aliyaona macho mekundu ya mama yake. Alikunywa chai, akampelekea tajiri ufunguo wa fuso, kabla daktari hajasoma chochote.

Daktari Shamte alipoziweka zile siku tatu pamoja, hazikufanana. Ya kwanza ilikuwa ya mtu mwenye afya. Ya pili ilikuwa ya mtu anayezama. Ya tatu ilikuwa katikati. "Mngeniletea ya kwanza peke yake," alisema, "ningewapa tena mkono wa heri." Akamwandikia Bonifasi barua ya hospitali kubwa, ambako wangemtafutia mashine ya kumsukumia hewa usiku. Mpaka hapo, alale ubavu, aache uraka, na usukani asiuguse.

Jioni fuso lilipita mbele ya nyumba limejaa magunia, linaendeshwa na utingo wake wa zamani. Bonifasi aliangalia mpaka vumbi likatua. Kisha akamwinua Lois, akaingia ndani.

Brigita akamsogelea Anjelina. "Baba yake," akauliza kwa sauti ndogo, "ningemgusa usiku ule, angekuwa hai?"

Lilikuwepo jibu la kumfariji, na Anjelina alilifikiria. Lakini alikuwa amechoka na vitu vizuri visivyo vya kweli.

"Sijui, Mama," akasema. Akakaa naye pale barazani mpaka giza likaingia, wakimsikiliza mwanamume ndani akimbembeleza mtoto alale.