Kichujio cha Thobias

Mwaka 1993 Thobias aliandika programu mbili, na zote mbili zilifanya kazi kwa kichujio cha namna moja.

Ya kwanza ilicheza drafti. Kompyuta ya ofisi ilikuwa moja, ya msaada, nzito. Ikiachwa itazame kila hatua inayowezekana, na majibu yake, na majibu ya majibu hayo, ilichukua dakika arobaini kusogeza kete moja. Thobias akaifundisha kuchuja: ihesabu haraka kete zinazobaki baada ya kila hatua, ichukue hatua tatu zenye hesabu nzuri, izifuate hizo tu. Nyingine izitupe. Dakika arobaini zikawa mbili.

Ya pili aliagizwa na Bi Ritha, afisa utumishi. Watu walikuwa wanapunguzwa kazini nchi nzima, na ofisi yao ya Dodoma ilitakiwa kutoa majina arobaini kati ya mia mbili na kumi na mbili. Kamati ingekaa Ijumaa na haikuwa na muda wa kusoma mafaili yote. Basi mashine ikampa kila mtu alama kwa elimu, umri na cheo, ikawatoa arobaini wa chini. Wa kumi na saba alikuwa Yotham Chibago, mpokea simu, miaka hamsini na mmoja, kipofu aliyesoma shule ya wasioona ya Buigiri. Fomu haikuwa na nafasi ya cheti chake cha swichibodi, mtambo wa kuunganishia simu, kwa hiyo mashine ilimhesabu kama mtu asiye na cheti.

Jumanne, wakati wa mapumziko ya mchana, Thobias alimpigia simu Yotham kwa laini ya ndani. Ndivyo walivyocheza, wakitajiana namba za miraba ya ubao: Thobias juu kwenye mashine, Yotham chini na ubao wake wa vizibo vya soda, vyake vimelala kifudifudi, vya mpinzani chali, ili vidole visikosee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo mashine yako imeshaamka?"

Walicheza nusu saa. Mashine ilikuwa mbele kwa kete moja.

"Kumi na nane kwenda kumi na tano," Yotham alisema. "Nakupa moja. Kula."

"Imekula."

"Ni lazima ile, hata kama imeshiba. Nakupa ya pili."

Mashine ikala ya pili. Kisha kete ya Yotham iliruka mara tatu mfululizo hadi mwisho wa ubao, ikawa kingi.

"Ilikuwa imelala?"

"Haikuiona," Thobias alisema. "Hatua inayopoteza kete ina hesabu mbaya. Naitupa mwanzoni, hata ikiwa ni yako."

"Mimi nina macho mabovu kuliko hiyo kompyuta, fundi, na zote siwezi kuzipitia. Huanza na zile zinazomfunga mwenzangu abaki na jibu moja. Hizo kuzifuata ni rahisi, njia ni moja."

Ilikuwa kweli. Palipo na jibu moja, mashine isingetumia hata sekunde tatu. Thobias alikuwa amezitupa hatua zile zile ambazo kuzitazama kulikuwa rahisi kuliko zote.

"Na ile nyingine uliyomtengenezea mama Ritha," Yotham alisema, "mimi wa ngapi?"

"Mzee, ile ni siri."

"Simu zao za Dar nani anawaunganishia?"

"Wa kumi na saba."

"Haya. Nina siku ngapi za likizo?"

Thobias alifungua jalada. "Mia moja na kumi na mbili."

"Miaka minne naomba, naambiwa hakuna wa kushika nafasi. Nitaomba tena kesho, nianze Alhamisi."

"Mambo yakienda bila wewe, utakuwa umewarahisishia kazi."

"Ndiyo maana ya kumpa mtu kete."

Jumatano Yotham alipeleka fomu aliyoichapa mwenyewe. Bi Ritha akikataa, angelazimika kuandika kwamba hakuna mwingine wa kazi hiyo. Akasaini. Thobias naye aliongeza mistari saba kwenye programu ya drafti: hatua inayoacha jibu moja isitupwe.

Alhamisi makarani wawili walijaribu swichibodi kwa zamu. Mkurugenzi alikatikiwa mara tatu akizungumza na Dar, na simu yake ya nne ikapokelewa na fundi wa gereji. Saa nane mchana dereva alitumwa mtaa wa Kikuyu kumfuata Yotham nyumbani.

Ijumaa asubuhi Bi Ritha alipanda ngazi hadi kwenye mashine. Alionekana hajalala vizuri wiki nzima.

"Mtoe Chibago."

"Nimeshamtoa."

"Basi ongeza mmoja. Arobaini ni arobaini."

Mashine ilichukua sekunde nne kumpata wa arobaini na moja: Raheli Msanjila, mhudumu, ofisi ndogo ya Kolo.

"Unamfahamu?" Bi Ritha aliuliza.

"Hapana. Wewe?"

"Kolo sijawahi kufika."

Thobias hakuchapa bado. Alifungua jalada la Raheli akalisoma mstari kwa mstari, akitafuta kitu chochote ambacho kingemlazimu mtu kujibu. Miaka kumi na mmoja kazini. Hakuna onyo. Hakuna barua yoyote aliyowahi kuandika. Ofisi yenyewe haikuwa na simu. Likizo aliyobakiza: sifuri.

"Kamati imeshakaa, Thobias," Bi Ritha alisema, mkono ameunyoosha akisubiri karatasi.

Akachapa.