Maneno Aliyobaki Nayo Amuri

Mwanahamisi alikuwa jikoni akitwanga ndizi zilizochemshwa za chakula cha lituma mumewe, Amuri, aliporudi bila mwili. Sauti yake ilipiga hodi mlangoni, ikapita sebuleni, ikakaa kwenye kiti chake. Ilikuwa 1964, na waasi wa Kongo walikuwa wakiwakusanya makarani na wasomi wa Stanleyville. Amuri walimchukua ofisini, wakampiga risasi kando ya mto.

"Ulikula?" Mwanahamisi aliuliza.

"Sina tena njaa," Amuri alisema. "Ita Nyota akuye na kalamu. Niko na wasia."

Hakuwa na mali ya kugawa. Alitaka kuwaachia watoto yale aliyoyaamini. Nyota, binti yake mkubwa, akaandika: wasome, ingawa kusoma ndiko kulikomuua baba yao, woga usiwafanye waseme uongo, mama yao asiachwe kulala peke yake nyumbani. Kila sentensi ilipoingia kwenye karatasi, sauti ilififia, kama redio inayoishiwa betri.

Mwanahamisi aliliona hilo. Akamnyang'anya Nyota kalamu.

"Bon, inatosha," alimwambia mumewe. "Bakia tu hivi. Tutazoea."

"Mama Nyota, inabakia moja. Ya Zuberi."

Zuberi alikuwa mdogo wake Amuri.

"Ni yeye alinitaja," Amuri alisema. "Batu balimuwekea bunduki ku kichwa, balitaka jina ya karani moja. Musimufukuze. Mukule naye."

Mwanahamisi alikaa na kalamu mkononi mpaka mkaa ukazimika jikoni. Kisha akamrudishia binti yake. Nyota aliandika huku akilia, na alipoweka nukta, kitini hapakuwa na mtu.

Kwenye arobaini ukoo ulikusanyika, Nyota akausoma wasia. Alipofika kwa Zuberi, watu walimgeukia. Zuberi akatikisa kichwa taratibu.

"Kaka alikuwa mutu muzuri," alisema. "Lakini kufa inachanganyaka mutu. Mimi sikutaja mutu."

Hakuna aliyetilia shaka sauti ya Amuri, na hakuna aliyebishana na Zuberi. Wazee walitazama mikeka. Mwanahamisi aliinuka, akampakulia wali na samaki kama ilivyoandikwa, akaketi kando yake. Zuberi alikula vizuri. Alipomaliza aliomba mchuzi kidogo tena, na Mwanahamisi akamwongezea.