Farasi Niliyempita

Jana usiku niliota miguu yangu imefika chini.

Nilikuwa juu ya Kunazi, farasi wangu wa kahawia, kwenye uwanja wa mazoezi pale Timau, na nyayo zangu zilikuwa zinaburuza vumbi huku na huku. Kunazi alikuwa anatembea. Mimi pia nilikuwa natembea. Yeye alikuwa katikati ya mapaja yangu kama mtoto anayevushwa barabara.

Niseme kwanza mambo yalivyo nikiwa macho. Naitwa Nkirote, nina miaka kumi na saba. Nimempanda Kunazi tangu nikiwa na miaka tisa. Yeye ni jike mdogo, mpole, na mimi nimerefuka upesi kuliko watu walivyotarajia. Alhamisi Mwalimu Lekishon, anayetufundisha, aliniita kando akaniambia, "Nkirote, farasi huyu umempita. Kufikia Jumamosi asubuhi uniambie kama unahamia kwa Jemadari." Jemadari ni yule dume mweusi wa banda la mwisho.

Nilijibu, "Sawa, mwalimu," lakini moyoni nilikataa. Nikihama, Kunazi atapewa watoto wanaoanza, na watoto wanaoanza huvuta hatamu kama wanaovuta ndoo kisimani. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Kwa kweli nilitaka tu abaki wangu.

Sasa, ndoto.

Ni adhuhuri. Jua limesimama juu ya uwanja na hakuna kitu chenye kivuli, si uzio, si mapipa, si mimi. Mwalimu Lekishon yuko katikati, amenipa mgongo. Namzunguka ili nimwone uso. Kila ninapofika mbele yake nakuta ni mgongo tena.

"Umempita," anasema.

Papo hapo nikampita. Sikushuka wala sikuanguka. Nilitoka tu kwa mbele, katikati ya masikio ya Kunazi, nikawa naenda peke yangu. Nilipogeuka, Kunazi alikuwa nyuma kabisa, mdogo kama mbuzi.

"Mwalimu, nataka kumrudia."

"Haiwezekani," mgongo ukanijibu. "Ukishapita umepita. Ingia ndani, wanakusubiri."

Niliingia kwenye chumba cha matandiko ya farasi, nikakuta ni darasa la tatu la shule yangu ya msingi. Matandiko yote yameketi kwenye madawati, mawili mawili, yamenyamaza. Ubaoni pameandikwa kwa chaki: *Mpandaji asizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi.* Kiranja lilikuwa tandiko langu mwenyewe. Nililitambua kwa ule mshono uliofumuka upande wa kulia.

"Nkirote," likaita.

"Nipo."

"Umechelewa mwaka mmoja na miezi minne."

"Sikujua kulikuwa na kikao."

"Tulikuandikia barua."

"Sikuiona."

"Tulikuandikia mapajani."

Nikainamisha kichwa. Kweli, mapaja yangu yote mawili yalikuwa na mistari ya mishono, iliyopangika vizuri kama mwandiko. Sikuweza kuisoma kwa sababu ilikuwa imegeuzwa juu chini, kama ya kusomwa na mtu aliye chini yangu.

Kwenye dari palikuwa na mizani ya kuning'inia, ile ya kupimia magunia ya viazi. Nikaambiwa nishike ndoano. Nikashika.

"Kilo hamsini na nane," nikasema kabla haijatamka.

"Hiyo ni nyama tu," ikasema mizani. "Sema na maneno uliyomwambia."

"Maneno gani?"

"Uliyomwambia farasi. Yote."

Nikaanza na lile jepesi. "Nakupenda, Kunazi."

Mshale ukasogea kilo moja na robo.

"Hilo umelisema mara ngapi?"

"Kila siku. Kwa miaka minane."

Tandiko moja la nyuma likakohoa, kisha likajizuia.

"Naye alikujibu nini?" mizani ikauliza.

Nikafikiri. Nilibadilisha mkono kwenye ndoano, vidole vikifa ganzi.

"Sikuwahi kumuuliza," nikasema.

Ndoano ikaniachia. Sikuangukia sakafu ya darasa. Niliangukia zulia la sebuleni kwetu, miguuni pa mama, aliyekuwa ameinama kwenye cherehani. Mama yangu hushona sare za shule. Mezani mbele yake alilala Kunazi, miguu juu, ametulia kabisa, na mama alikuwa anamfumua mshono wa tumboni kwa wembe.

"Mama, unafanya nini?"

"Kwani huoni? Namfungulia pindo. Niliacha inchi mbili, kama ninavyokuachia wewe kwenye sketi."

"Anaumia?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nashona tu."

Akavuta uzi. Miguu ya Kunazi ikarefuka kidogo, mmoja baada ya mwingine, kisha ikakwama. Ndani ya mshono palikuwa na giza lenye joto na harufu ya majani makavu. Mama akatoa pini mdomoni, akachungulia humo kwa makini, kama anavyochungulia mfuko wa koti.

"Imeisha, mwanangu. Hapa hakuna kitambaa tena. Ukitaka aendelee kukutosha, itabidi nimkate mahali niongezee."

"Umkate wapi?"

"Mgongoni. Ndiko kwenye kipande kirefu."

Akachukua mkasi. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na haukushindana nami, ila mkasi uliendelea kujifungua na kujifunga wenyewe, taratibu, ukimkaribia Kunazi. Kunazi alikuwa ananitazama. Jicho lake moja lilikuwa karibu sana na uso wangu, na ndani yake niliona sebule yetu yote isipokuwa mimi.

"Mama, acha. Nimempita," nikasema. "Nakubali. Nimempita."

Mkasi ukajifunga.

"Basi ungesema tangu mwanzo," mama akasema, akaanza kumshonea pindo lake kama lilivyokuwa. "Nimepoteza uzi."

Nilitoka nje kutafuta hewa. Nje palikuwa uwanjani tena, jua pale pale. Mbele yangu ilisimama miguu minne myeusi, mirefu kama nguzo za umeme, ikipanda hadi kupotelea kwenye mwanga.

"Panda," sauti ikasema kutoka juu. Nikajua ni Jemadari.

"Ngoja kwanza. Kuna mtu nataka kuongea naye."

"Nangoja. Hata yule alikungoja."

Kwato moja ikainuka polepole ikaonyesha upande wa uzio. Kunazi alikuwa amesimama hapo, hana tandiko, hana hatamu, na ukubwa wake ni ule ule wa siku zote. Nikamwendea kwa miguu. Nikasimama ubavuni pake na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Kunazi, mimi ni mzito?"

"Ndiyo."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mama wa makamo aliyetoka kazini.

"Tangu lini?"

"Tangu zile mvua za mwaka jana. Panauma kushoto, nyuma ya bega, pale tandiko linapokaa. Nywele tisa zimeshageuka nyeupe kwa kubanwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Kila ulipokaza mkanda wa tandiko nilipiga mkia. Ukasema ni nzi."

Nikakumbuka. Kweli nilisema ni nzi. Nilisema hivyo hata mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, na Timau mwezi wa saba hakuna nzi.

"Nikalaza masikio," akaendelea. "Ukamwambia mwalimu kwamba nina wivu. Mkacheka."

Nilitaka kulia lakini katika ndoto macho yalikataa. "Mbona leo umeniambia kwa maneno?"

"Leo umeshuka," akasema.

Hapo vivuli vikarudi. Vilirudi vyote kwa mara moja, cha uzio, vya mapipa, changu na chake, vikaanguka chini kwa kishindo kama mabati. Kishindo hicho ndicho kilichoniamsha.

Kulikuwa kumekucha, Jumamosi. Mama aliniita kunywa chai, nikamwambia nitakunywa nikirudi. Alinitazama miguuni. "Unaenda kwa farasi na malapa?" Nikamwambia leo sipandi.

Mwalimu Lekishon alikuwa mlangoni mwa banda na debe la maji. Uso wake ulikuwa mahali pake. "Umeamua?" akauliza.

"Mwalimu, njoo kwanza uangalie kitu."

Kunazi alikuwa anakula. Nikaweka kiganja upande wa kushoto, nyuma ya bega, nikabonyeza kidogo tu. Mgongo wote ukazama chini ya mkono wangu na mkia ukapiga. Mwalimu akaweka debe chini. Nikatenganisha manyoya kwa vidole. Yeye akavaa miwani, akainama, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, kwa sauti ndogo.

"Sita. Saba. Nane." Akasogeza unywele mmoja. "Tisa."

Akabaki ameinama.

"Huyu namsugua mimi mwenyewe kila wiki. Sikuwahi kuziona. Nani alikuonyesha?"

"Ameniambia yeye."

Hakucheka. Nikamwambia kwamba sitamwekea tandiko tena, na watoto nao wasimpande hadi mgongo upone, na kuhusu Jemadari anipe wiki moja. Alikuwa anakubali kila neno kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwa Kunazi, ambaye alikuwa ameacha kula na kugeuza sikio moja upande wetu.

Mwalimu akavua miwani, akaikunja. Kisha akanisogelea, akashusha sauti.

"Na mimi," akauliza, "amesema lolote kunihusu?"