Kurasa Zisizo na Alama za Nathanaeli

Siku ya kuanua matanga, baba mkubwa Eliezeri alitandika mkeka uani, pale Mhezi, akaanza kugawa vitu vya marehemu Nathanaeli. Viatu. Shati alilonunua Same mwaka ule mitumba iliporuhusiwa. Kisha akanyanyua kitabu cha maswali ya Kiingereza, ya mtihani wa wanaotaka kusoma ng'ambo.

"Hiki kiende kwa binamu yake Fredrick. Yuko kidato cha nne."

"Shemeji, Yudith wangu anakisoma kila siku," mama wa marehemu akasema.

Kweli alikisoma. Kila swali lilikuwa sentensi yenye kosa na masahihisho manne ya kuchagua. Madaftari yalikuwa adimu, kwa hiyo kaka yake alizungushia majibu humo humo kwa penseli. Yudith alifunika alama kwa kiganja, akachagua lake, akafunua. Wakipatana, alimsikia kaka akicheka puani. Wakipishana, alimsikia: "Soma tena, bibie, una haraka ya nini?"

Alama zilikomea swali la sitini na mbili. Kesho yake homa ilimlaza Nathanaeli, hakuinuka tena. Kila alipofika hapo, Yudith alirudi swali la kwanza, na wote nyumbani walimwona. Kurasa za mbele alizikwepa. Aliogopa kwamba huko kaka hatakuwepo.

"Majibu ameshayakariri huyo," Fredrick akatania. "Kanda iliyokwama! Mpeni la sitini na tatu tuone."

Watu wakacheka. Baba mkubwa hakucheka. Akafungua pale alama zilipokoma, akamwekea Yudith kitabu magotini.

"Mwanangu, kitabu si kaburi, kwamba ukifika unageuka. Jibu. Ukiweza, ni chako."

Yudith akasoma. Akasubiri. Hakuna aliyecheka puani. Akasoma tena, polepole, akazungushia jibu la tatu.

Fredrick akainama, akalisoma swali, midomo ikimcheza.

"Amepata," akasema, safari hii bila utani.

Mama akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Baba mkubwa akashika jembe, akauliza nani hana. Yudith akafunua nyuma, kwenye alama za kaka, akaweka kiganja, akakiondoa, akamsikiliza kaka. Kimya. Akaweka tena. Kimya kile kile.

Basi akafungua la sitini na nne.