Maji ya Matanga

Mume wangu Cyriaque alilileta waridi lile la jangwani kutoka Turkana, enzi alipokuwa akiendesha lori. Shina lake lilikuwa nene kama mguu wa mtoto, na sheria ilikuwa moja: kikombe kimoja cha maji kila baada ya wiki mbili. Hata mimi alinikataza kuligusa.

Alipofariki, nyumba yetu ya Niboye ilijaa watu wa matanga. Mtu wa matanga hajui aiweke wapi mikono yake. Vyombo vikishaoshwa na uwanja ukishafagiliwa, analiona waridi barazani, anachukua jagi. Wifi yangu Raïssa alilimwagilia asubuhi. Mama mmoja wa kwaya alilimwagilia baada ya sala. Jirani yetu Armel alilimwagilia huku mvua inanyesha, akaniambia, "Pole, mama. Hili tutakutunzia." Nilikaa mkekani nikiwatazama wote. Neno moja lingewazuia, lakini sikuona kwa nini niliseme.

Siku ya nane, tulipomaliza matanga, waridi likachanua maua matatu mekundu. Wakaniita nje. Raïssa alilia, akasema ni kaka yake ananisalimia.

Nililibonyeza shina pale chini. Kidole kilizama hadi kwenye kiungo, kikatoka kimelowa, kinanuka. Maua yalikuwa bado hayajapata habari.

"Umeona, wifi?" Raïssa akaniuliza.

"Nimeona," nikasema. "Mmelitunza vizuri."