Kitambaa cha Udhu

...wala sikumwambia kwamba maji yawe ya uvuguvugu tu, yasiwe ya moto, kwa maana upande wake wa kushoto hausikii joto na ngozi yaweza kuungua pasipo yeye kujua, nilikuwa nimepanga hilo liwe la kwanza kulisema, kisha nikaanza na habari ya kitambaa, na kitambaa kikanisahaulisha mengine yote, sasa pazia limeshushwa nami nimekaa huku barazani kama mtu aliyekuja kuposa, na chumbani mwangu mwenyewe mwanamke nisiyemjua anamwosha mke wangu... nasikia kata ikigonga ukingo wa ndoo, nasikia maji yakishuka katika beseni, taratibu, hamwagi ovyo, kwa hilo namsifu... "Mzee," ananiambia Regina, muuguzi wa zahanati, aliyekaa ncha ya pili ya benchi na mwavuli wake mapajani, "lori la kambi ya wakimbizi linapita hapo kwenye kona kabla ya adhuhuri. Ukiridhika naye, anabaki, kibali chake cha miezi mitatu ninacho. Usiporidhika, anarudi nalo. Ila uniambie mapema, dereva yule hana subira." Nimeitikia kwa kichwa, nadhani nimeitikia, macho yangu yako kwenye pazia, kanga ya Hidaya ya rangi ya zambarau iliyopauka, yeye mwenyewe ndiye aliyeishona pindo, kwa mkono wa kushoto, maana alikuwa wa shoto, mama yake kule Kidahwe alimpiga sana kwa ajili ya mkono huo, mkono wa kushoto haulishi, haupokei, haumpi mtu mzima kitu, akajifunza kula na kupokea kwa wa kulia, lakini sindano akaibakiza kushoto kwa siri, na katika viungo vyote ni huo Mwenyezi Mungu aliouchukua kwanza... astaghfirullah, si neno la kulaumu, nakumbuka tu. Miezi saba. Jumatatu, baada ya kunywa chai, alikuwa akichambua mchele, ungo ukamwinamia magotini, punje zikatawanyika ukumbini, nikaona mdomo wake umekwenda upande nikadhani ananicheka, nami nikacheka, Mola anisamehe, nilicheka kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi tatu kabla sijafahamu.

Tangu hapo nimetafuta mtu. Hasna, binti yetu, yuko Dar es Salaam na mimba ya nne, hawezi safari ya treni. Nikamleta Nasra, mtoto wa ndugu yangu, kutoka Mwandiga, akakaa wiki tatu, mikono mizuri, ulimi mzuri, kisha mumewe akaja kumchukua na haki ilikuwa yake. Nikapeleka salamu Ilagala kwa shemeji zangu, wakaniletea samaki waliokaushwa na dua. Nikauliza msikitini baada ya sala ya Ijumaa, nikasimama mimi, niliyezoea kusimama hapo ili nifundishe, nikasema ndugu zangu natafuta mwanamke wa kunisaidia nyumbani, mgonjwa hawezi kujigeuza, wakainamisha vichwa, kwa kuwa wanawake wa mji huu mashirika yamewachukua wote, tangu watu waanze kuvuka ziwa kuja kwetu ajira zimejaa, anayejua Kirundi anatafsiri, anayejua kupika anapika kwenye masufuria makubwa kama mitumbwi, hata wasiojua lolote wamevalishwa fulana nyeupe na kushikishwa daftari, wote wanawatunza watu, hakuna wa kumtunza mtu mmoja. Khalfani, jirani yangu, ambaye hajawahi kuuonea aibu mdomo wake, akasema mbele za watu, "Maalimu, dawa yako ndogo tu, oa wa pili aje amwogeshe wa kwanza," wakacheka, nikarudi nyumbani nimekasirika nikamsimulia Hidaya, naye akanitazama kwa jicho lile zima, akavuta maneno mojamoja kama mtu avutaye maji kisimani, "Oa... lakini... ajue... kupika."

"Buhoro, Mama, buhoro," sauti ya yule mwanamke ndani, polepole, kwa lugha yake, "niegemee mimi, usiegemee ukuta." Marcelina ndilo jina lake, mtu wa Rumonge, ng'ambo ya pili, miaka hamsini au zaidi, kifua kipana, viganja kama vya mkulima, na Kiswahili chake ni kizuri kwa sababu aliuza mawese sokoni kwao miaka mingi. Asubuhi alipofika nilimkagua kama ninavyomkagua mwanafunzi mpya, nikamwuliza amewahi kumtunza nani, akasema mama mkwe wake, miaka minne, kitandani, na vita vilipofika akambeba mgongoni kutoka mlimani hadi ufukweni, wakavuka kwa boti, na siku ya tatu bibi akafariki pale Kibirizi juu ya mchanga, nikasema pole, akasema ahsante, kisha akanyoosha shingo kidogo na kusema, "Alikufa akiwa safi, Mzee. Nilimwosha kwa maji ya ziwa." Hakujisifia jambo lingine. Nami kwa jibu nikampa kitambaa. Nikamweleza kwamba mgonjwa akiisha kuoga hutawadhishwa kwa ajili ya sala, uso, mikono hadi viwiko, kichwa kidogo, miguu, kwa mpango huo usiobadilika, na kwamba anayemtawadhisha huuzungushia mkono wake kitambaa hiki, akakipokea, akakigeuza huku na huku, akaingia nacho ndani.

Kitambaa hicho nimekikata kwenye kilemba changu cha harusi. Hidaya aliniona nikikikata, siku ya tano tangu maradhi yaanze, akataka kusema kitu ulimi ukakataa. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii twasema mume akimgusa mkewe ngozi kwa ngozi udhu wa wote wawili umetenguka, kwa kuwa mke si maharimu, ni mtu uliyemwoa, na kumwinua Hidaya, kumkalisha, kumtawadhisha, kunachukua karibu saa nzima, na bega lile huuma mpaka machozi, basi nikiisha kumtawadhisha kwa kitambaa namhifadhia udhu wake kama mtu abebaye yai, adhuhuri na alasiri kwa udhu mmoja, magharibi na isha kwa udhu mmoja, namlisha kwa kitambaa, namfuta kinywa kwa kitambaa, namgeuza kwa kitambaa. Unywele, jino na ukucha havitengui, basi nywele zake nazichana kwa mkono mtupu, vidole juujuu visifike kwenye ngozi ya kichwa, nazisuka vibaya mno, mafungu matatu yasiyolingana, naye huvumilia... miaka thelathini na minane nimefundisha mlango wa udhu katika baraza hii hii, vijana wa Ujiji karibu wote wamepita hapa, na nikifika penye mtu asiyeweza kutawadha mwenyewe nilikuwa nasoma haraka kwa kuwa vijana wenye afya husinzia hapo, atafute wa kumsaidia, ndivyo vitabu visemavyo, ni wajibu atafute, hata kwa ujira wa mfano, yaani ule uliozoeleka, akiwa nao, na msaidizi si sharti awe Mwislamu, kwa maana nia ni ya mgonjwa na mkono ni chombo tu kama birika. Haya yote nayajua. Usiku mzima jana nilijishughulisha na suala la mwanamke asiye wa dini yetu kuuona mwili wa mwanamke Mwislamu, nikapima kauli hii na kauli ile, nikafika kwenye dharura, nikaona mlango uko wazi tangu zamani, kisha bado nikataka kusimama mlangoni... kwa nini, Dadi, hebu jiulize wewe uliyezoea kuuliza wengine.

"Mvua itarudi," anasema Regina akitazama upande wa ziwa. Nasema naam. Harufu ya dagaa wanaoanikwa imepanda hadi huku, mtu anawaanua haraka kabla hawajalowa. Ndani kumekuwa kimya, kata haigongi tena, natega sikio, amemwangusha, hapana, anamfuta tu, sasa nasikia, "Mama, na hiki kitambaa alichonipa Mzee ni cha kazi gani? Mimi na wewe wote wanawake." Sauti ya Hidaya, ile iliyokatika vipande, "Cha... Maalimu... chake." "Anakivaa mkononi?" "Ego," anaitikia mke wangu, ndiyo, kwa lugha ya mama yake, sijaisikia kinywani mwake tangu tulipomzika mama huyo, na Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. "Kila siku?" "Kila." "Yoo! Kama daktari wa kambini na glavu zake! Wanaume wa huku wanawaogopa wake zao namna hiyo?" Na hapo Hidaya akacheka. Si ile nusu ya cheko anayonipa mimi ili nisihuzunike, alicheka kwa sauti, cheko la kifuani, lenye kukwama mwishoni kama lilivyokuwa likikwama zamani, hata Regina akageuka. Mimi nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu, nikasema moyoni cheka, binti wa Kidahwe, nicheke nitakavyo... kisha cheko likaisha, na baada yake akasema neno, polepole, pasipo huzuni, kama mtu atajaye kitu alichokiacha katika nyumba aliyohama, "Mkono wake... nimeusahau... ulivyo."

Nimeusahau ulivyo.

Naye hukumu aijua, alikuwa akinisikiliza nyuma ya pazia hili miaka yote huku akipika, aweza kumsahihisha mwanafunzi wangu ye yote, hajasema sitaki kitambaa, hajanilaumu kwa lolote... na isha je, ikiisha kusaliwa isha, udhu una kazi gani tena mpaka alfajiri, ni kitabu gani kilichonikataza mkono wakati huo, Dadi? Hakuna. Nilisema nimechoka. Nilisema mazoea. Bali Jumatatu ile, mchele ukiwa sakafuni, niliushika mkono wake wa kushoto na ulikuwa baridi, mzito, haukunishika nami, miaka thelathini na miwili kila nilipoushika ulinishika, na siku ile niliuona ni mkono wa maiti ninayemjua, nikauachia. Nikauachia ukaanguka juu ya ungo. Siku ya tano nikatafuta mkasi. Fiqhi ilinipa sababu iliyo njema, ya kweli, isiyo na dosari, nami nikajificha ndani yake kama mtu ajifichaye mvua msikitini asisali... naye aliniona nikikata kilemba, yule, akajua, nadhani alijua kabla yangu, na neno lililokataa kutoka siku ile sasa nalijua lilikuwa neno gani.

Pazia linasogea, kiganja kipana kinatokeza, chenye maji. "Mzee, chukua kitambaa chako, mimi sikihitaji. Tumefika kwenye miguu." "Umeanza na uso?" nauliza, kwa ukali wa darasani, najisikia mwenyewe. "Uso, mikono, kichwa, kama ulivyosema. Mama ananihesabia. Nilirukia miguu akanipigia kelele." "Na maji..." "Ya uvuguvugu, Mzee. Nimeyapima kwenye kiwiko changu. Mtu wa upande mmoja hapewi maji ya moto, kwani mimi sijui?" Pazia likarudi. Nimebaki na kitambaa, kimekauka, hakukilowesha kabisa, bado kimekunjwa kama nilivyompa, na kwenye ukingo kuna ule uzi wa dhahabu wa harusi yetu, umechakaa, nilipousokota kidoleni siku ile nikimngoja bibi harusi atoke nilikuwa na mikono yenye jasho, nikaogopa ataniona mjinga... Sitakitupa. Nitampa Hidaya, akikitia tandikoni, akimpa Hasna amfutie mjukuu pua, shauri lake.

"Mzee, lori ndilo lile," anasema Regina, na kweli honi imelia kwenye kona, mara mbili, dereva asiye na subira. "Unasemaje?" Nasikia kata imegonga ndoo tena, maji yanashuka katika beseni, mguu wa kulia, sasa wa kushoto, Hidaya anahesabu, moja... mbili... bado ya tatu, haendi mbio. "Mwambie aende," nasema, "kuna mtu hapa anafanya kazi." Regina anainuka na mwavuli wake. Muadhini hajaanza. Atamaliza miguu, atamfunika mtandio, atamwelekeza kibla, nitamwonyesha upande, Hidaya atasali adhuhuri kwa udhu uliotiwa na mkono mtupu na haukutenguka, sitaingia mpaka atoe salamu, na akitoa salamu nitaingia, udhu utavunjika, wake na wangu, acha uvunjike, alasiri yuko wa kutia mwingine... nitaanza na ule wa kushoto. Nautazama mkono wangu juu ya goti, weupe wa maji ya miezi saba chini ya kucha, ngozi imejikunja kama ya mfua nguo, na ni baridi, naugusa shavuni, baridi kweli, mtu aliyesahau mkono asipewe mkono wa namna hii siku ya kwanza, nauingiza kwapani ndani ya kanzu, naubana, maji yanashuka katika beseni, nangoja upate joto.