Msichana wa Ukurasa wa Arobaini

Jumanne saa nne asubuhi, mwandishi wa riwaya za mapenzi alikuwa jikoni akisema, mkewe akichapa. Ndivyo walivyofanya kazi miaka thelathini: yeye anasema, mkewe anachapa, kisha mkewe anaosha vikombe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa msichana wa riwaya yake ya kwanza, na gauni lake jeupe lile lile. Alipomwona mwandishi, akazimia kizingitini.

"Ndiyo kazi yake," mwandishi alieleza. "Ukurasa wa arobaini. Akimwona mwanamume tu, chini."

"Basi ondoka mlangoni apate nafuu," mkewe alisema, akabandika chai.

Msichana alizinduka, akamwamkia mama mwenye nyumba, akaeleza shida yake. Alikuwa amesikia kwamba mhariri anataka kitabu kitolewe upya bila yeye, kwa kuwa wasomaji wa siku hizi hawataki wa kuzimia. Wanataka anayejibu.

"Nifundishe kujibu," alimwomba mwandishi. "Nisipojua, nafutwa."

Mwandishi alikuna kichwa. Wasichana wake wa baadaye walikuwa wamelia dirishani, wakaugua kifua, na yule wa riwaya ya saba alipewa hata diploma, ingawa kazi yake ilikuwa kuangusha mafaili ili mwanamume ayaokote. Mwandishi alijivunia sana ile diploma. Baada ya nusu saa alisema, "Andika: Nakupenda, lakini nina diploma."

Mkewe alichapa kitu kirefu zaidi. Msichana akakisoma kwa sauti, amesimama wima: "Miaka yote hii hujaniuliza nataka nini. Niulize leo, halafu unyamaze unisikilize."

Hakuzimia. Aliazima suruali ya mama, akarudi kitabuni kwa miguu yake.

Mhariri alipousoma ukurasa mpya, alipiga simu. "Mzee wangu, hatimaye umewaelewa wanawake!"

"Nimejitahidi," mwandishi alijibu. Mkewe aliacha kuchapa, akamtazama, akangoja. Alingoja mpaka chai ikapoa.

Mwandishi huyo ni mimi. Napenda kujiita "yeye", kunapunguza aibu.

Msichana bado huja kila Jumanne. Humwuliza mama anataka nini, na mama humjibu kwa kirefu, wakati mwingine akilia. Mwandishi huketi kando akinukuu upesi, maana ni maneno mazuri mno kwa riwaya ijayo. Kisha humpa mkewe achape.